Wapi na Wapi: Maisha ya Mama Venerande wa Katumba

Alizaliwa Katumba, si mbali na Mpanda mjini, mwezi wa Februari mwaka 1975, mvua ikiwa imeharibu njia kiasi kwamba mkunga alifika mtoto ameshalia. Wazazi wake, Reverien na Tereza, walikuwa wametoka Burundi kwa miguu mwaka 1972, wao na maelfu ya wengine, wakapewa eneo la msitu walifyeke, wajenge na walime. Walifyeka, wakajenga, wakalima mahindi na mihogo, na mtoto wakambatiza Venerande. Leo watu wanafika kaburini kwake kutoka Kabungu, kutoka Usevya, hata kutoka vijiji vya ziwani, na ukiwauliza wanamtafuta nani, wengi hawalijui jina hilo la ubatizo. Wanakwambia wamekuja kwa Mama Hehe. Kanisa halijasema neno lake juu yake, nasi hatuna haraka ya kulitangulia. Tukimwita mtakatifu tunasema kama wanavyosema watu wa kigango chake, kwa upendo. Lakini haki ya Mungu, ndugu zangu, habari zake hazikai mdomoni! Tutazieleza kwa mpangilio tangu mwanzo, ingawa mkono unataka kukimbilia mwisho.

Nyumba ya Reverien ilikuwa ya watu wema na wakimya. Njiani kutoka Burundi, Tereza alikuwa amezika watoto wawili wa kiume, na tangu hapo hakuna aliyewataja. Reverien alikuwa na neno moja kwa kila tatizo, liwe la jembe kuvunjika mpini au la msiba: "Ihangane," yaani vumilia. Aliamini kwa moyo wote kwamba maumivu ukiyatazama yanakua, na ukiyapa kisogo yanachoka, yanaondoka yenyewe. Hakuwa mtu mkatili hata kidogo. Hiyo ndiyo dawa aliyokuwa nayo, na ilikuwa imemfikisha Katumba akiwa hai. Lakini Venerande alikuwa na macho. Aliona kuwa mama yake akisimama kupumzika shambani hushika bega la kushoto, na hata akisinzia kanisani mkono huenda pale pale. Siku moja mwaka 1987, binti akiwa na miaka kumi na miwili, walikuwa wawili tu nyuma ya nyumba wakipura maharage, na mkono wa Tereza ukaenda begani. Binti akauliza kwa Kirundi, lugha ya nyumbani: "Mama, ubabara hehe?" Maana yake, unaumia wapi. Hehe kwa Kirundi ni wapi, na tunamwomba msomaji alishike neno hilo vizuri, maana ndilo litakalotupeleka hadi mwisho.

Tereza alilibonyeza lile bega. Kisha akasema, "Hapa. Yule mdogo alilala hapa njia nzima." Akawataja wote wawili kwa majina, majina ambayo Venerande hakuwahi kuyasikia, akaanza kulia. Alilia mpaka jioni, maharage yakabaki uwanjani kuku wakayachezea. Reverien aliporudi na kukuta hali ile, alimvuta binti yake pembeni na kumwambia kwa sauti ya chini, "Nilikuwa nimeyafukia. Wewe umeyafukua." Siku zilizofuata mama alilia kila alipokaa, na Venerande aliona ameharibu kitu kisichotengenezeka. Hakula vizuri, hakucheza, aliomba Mungu alirudishe lile swali mdomoni mwake. Basi sikilizeni! Mvua za kupandia zilipoanza, Tereza aliinuka, akashika jembe, akaimba. Hakuna aliyejua kuwa ana sauti! Majirani waliacha kupanda wakasimama kwenye mipaka ya mashamba yao wakisikiliza, na kwaya ikamchukua Jumapili ile ile. Bega liliendelea kumuuma hadi uzee wake, naye alilitaja bila woga, na wale watoto wawili wakaanza kuombewa Misa. Reverien alifurahi, ila hakukubali kuwa alikosea. Maneno yake mawili, kufukia na kufukua, yalibaki kichwani mwa binti yake kwa miaka mingi.

Mwaka 1994 aliolewa na Kassiani, mkulima mpole mwenye mwendo wa taratibu na mapenzi makubwa na baiskeli yake, wakajaliwa watoto wanne. Alilima, alisuka mikeka, alijiunga na akina mama wa kigango waliokuwa wakitembelea wagonjwa. Hapo ndipo wito wake ulipojitokeza. Kwetu, kama kwingine kote, mtu akikupa pole unajibu "nimeshapoa," na habari imeishia hapo hata kama mguu wako umevunjika mara mbili. Akina mama walikuwa wakiingia, wanatoa pole, wanasali kwa haraka, wanaacha unga na sabuni, wanaondoka. Venerande alikuwa akibaki. Anavuta kigoda, anakaa, anauliza, "Unaumia wapi?" Mgonjwa akisema tumbo, anauliza tumbo upande upi, linaanzia wapi, linaishia wapi, likoje asubuhi. Hakuwa na dawa wala hakujifanya mganga. Wanaohitaji hospitali aliwahimiza waende, na wengine aliwapeleka mwenyewe kwa baiskeli ya Kassiani. Aliuliza tu na kusikiliza. Watu walianza kumsubiri. Wengine walisema kuwa hakuna mtu aliyewahi kuwauliza hivyo maishani mwao, nao walipata usingizi siku aliyopita.

Lakini Bwana huwapima awapendao, na kipimo cha Venerande kilikuwa kikali. Mwaka 2011 alihamia jirani mtu mmoja aitwaye Dionizi, Mkonongo wa Ugalla, mfuga nyuki hodari. Alikuwa ameanguka kutoka juu ya mti akitundika mzinga, akaumia kiuno vibaya sana. Hospitali walifanya walichoweza, miguu ikabaki bila nguvu, na mke wake Verdiana akaamua wakae Katumba kwa ndugu zake ili wasiwe mbali na daktari. Venerande akaenda, akavuta kigoda. Mwanzoni Dionizi alifurahi kupita kiasi! Alieleza kiuno chake kama mtu anayeeleza nyumba aliyoijenga, chumba kwa chumba. Venerande akarudi kesho yake na kesho kutwa, akiuliza lile lile. Taratibu mambo yakageuka. Dionizi akawa anamsubiri tangu alfajiri, akichungulia maumivu yake kama mtu anayefunua sufuria ya maharage kila mara aone kama yameiva, ili mama akija awe na la kumweleza. Akaacha kuzungumzia nyuki. Akaacha kuuliza watoto wamekula nini. Maumivu yakapanda kutoka kiunoni hadi mgongoni, mabegani, shingoni, na mwisho akakataa uji na kugeukia ukutani. Wauguzi walipomchunguza hawakuona jipya, lakini mtu alikuwa anaisha mbele ya macho yao.

Verdiana alikuwa mwanamke wa maneno ya wazi. Alisimama mlangoni na kumzuia Venerande kuingia, akasema kwa sauti ambayo mtaa mzima uliisikia: "Wewe mama, umemfundisha mume wangu kuumwa! Alikuja hapa ana kiuno. Sasa ana ugonjwa mwili mzima!" Kisha akaenda moja kwa moja kwa Padri Gervas, paroko wa wakati ule, mtu wa busara aliyependa kusikiliza pande zote. Padri alimwita Venerande.

"Mama, umefanya nini nyumba ile?"

"Nimeuliza, Padri."

"Umeuliza nini?"

"Anaumia wapi."

"Basi pumzika kuuliza. Usimuulize yeye, wala mgonjwa mwingine yeyote, mpaka nitakapokwambia."

Venerande alipiga goti, akaomba baraka, akatoka. Aliitii amri ile bila kunung'unika, na tena alisema waziwazi kwamba Padri alikuwa na haki, kwa sababu alichokisema Verdiana kilikuwa kweli. Hilo ndilo lililomtesa. Akiwa shambani, akiwa jikoni, alikuwa akisikia sauti mbili. Moja ilikuwa ya mama yake ikiimba na jembe mkononi, ikisema kuwa kutazama kunaponya. Nyingine ilikuwa ya baba yake, ikisema umefukua. Zote mbili alikuwa amezishuhudia kwa macho yake! Na nyumba ya tatu kutoka kwake mtu alikuwa amegeukia ukutani, baba wa watoto wadogo, na akifa, Venerande alijua atakuwa amemuua kwa swali moja la upole. Alifunga, alisali rozari mpaka vidole vikaota sugu, na jibu halikuja. Kassiani alimwambia, "Mke wangu, lala." Hakulala.

Sasa tumefika mahali ambapo mwandishi huyu hawezi kukaa kitini! Mwaka 2012, mwezi wa Mei, Kassiani alilazwa hospitali ya mjini kwa upasuaji wa ngiri, naye Venerande akaenda kumuuguza. Kitanda cha jirani alilala mzee Telesfori, Mbende wa Kabungu, aliyekuwa ameanguka na baiskeli iliyobeba gunia la mahindi, mbavu zikapata nyufa. Mzee aliguna na kukoroma na kumwita mama yake marehemu. Venerande aliuma midomo. Alikuwa ameahidi. Alimkorogea Kassiani uji, akamgeuzia mzee mgongo, akajikaza. Mzee akaguna mguno mkubwa kuliko yote, na neno likamponyoka Venerande lenyewe, kwa Kirundi, kabla hajalikamata: "Hehe?"

Mzee Telesfori akafumbua macho. "Nani Mhehe?"

Venerande akaziba mdomo.

"Mimi si Mhehe, mama," mzee akasema, amekasirika kweli. "Mimi Mbende, Mbende wa Kabungu, muulize yeyote. Mimi na Wahehe wapi na wapi? Kama unamtafuta Mhehe, jaribu kile kitanda cha dirishani."

Yule wa kitanda cha dirishani, Msukuma wa watu, akajibu kuwa naye hamo. Wodi nzima ikaangua kicheko. Kassiani alicheka huku ameshika mshono wake, Venerande alicheka mpaka machozi, na mzee mwenyewe, alipoelezwa kuwa hehe ni wapi, alicheka kuliko wote, akilia papo hapo: "Nyie, msinichekeshe, jamani! Mbavu! Mbavu zangu!" Walipotulia, alijifuta uso, akatazama mwisho wa kitanda chake kwa mshangao. "Ila ajabu," akasema. "Hii miguu yangu mizima kabisa. Nilikuwa nimeisahau. Tangu nianguke nimekuwa mbavu tupu."

Venerande alisimama na bakuli la uji mkononi. Neno la mzee lilikuwa bado linampigia masikioni, lile ambalo sisi sote tunalisema kila siku bila kulisikiliza: wapi na wapi. Wapi, na wapi! Miaka yote aliuliza wapi moja na kuiacha nyingine. Mama yake, alipotaja bega na watoto wake, alikuwa bado ana jembe, ana mvua, ana sauti, na vyote hivyo vilimvuta kurudi. Hakuna aliyehitaji kumwonyesha. Dionizi amelala chumbani hana jembe wala mvua. Yeye aliongozwa hadi katikati ya maumivu yake na mtu mwenye upendo, kisha akaachwa huko huko. Venerande hakukosea kuuliza. Alikuwa ameishia nusu ya swali.

Alimwachia Kassiani bakuli, akatembea hadi kwa Padri Gervas akiwa na khanga ya uuguzi na kijiko bado mkononi. Alieleza yote, Mhehe na mbavu na miguu, akiruka huku na huku, na Padri alilazimika kumwambia aketi. Kisha Venerande akangoja, maana bila ruhusa asingekwenda. Padri Gervas alikuwa akimpelekea Dionizi Ekaristi kila Ijumaa, na alikuwa ameona kuwa mgonjwa hakupata nafuu hata baada ya amri yake. Hatimaye akasema maneno ambayo kigango kinayakumbuka: "Wewe uliuliza, hakupona. Mimi nilikataza kuuliza, hakupona. Twende wote wawili."

Verdiana aliwapokea na mwiko wa ugali mkononi. Padri alimwamkia, akamwomba. Verdiana akamtazama Venerande kuanzia juu hadi chini. "Ingia. Lakini ukimliza tena, utanitambua." Ndani, Dionizi alikuwa bado ameelekea ukutani. Venerande alipiga magoti kando ya kitanda, akamwomba radhi kwanza, kwa kumwacha peke yake mahali pabaya. Kisha akamuuliza anaumia wapi.

"Kote," Dionizi akauambia ukuta.

"Sawa. Nimesikia, kote. Na wapi hapaumi?"

"Si nimekwambia kote?"

"Sikio la kulia linauma?"

"Sikio linaumaje?"

"Sijui, ndiyo nauliza."

"Haliumi."

"Na la kushoto?"

"Mama, unanitania?"

"Sikutanii, baba. Natafuta."

Dionizi akageuka, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza kwa muda mrefu watu kuuona uso wake. Alikuwa na hasira, na hasira ile ilikuwa na uhai ndani yake. "Pua haiumi!" akasema. "Meno hayaumi! Nyusi haziumi! Kuna lingine?" Verdiana mlangoni akacheka bila kupenda, mwiko ukamdondoka. Venerande hakucheka. Akauliza, "Na mikono?" Dionizi akaitoa mikono chini ya blanketi, akaigeuza, akaitazama. Ilikuwa mikono mikubwa yenye makovu ya zamani ya moshi na ya miiba ya nyuki. Aliikunja, akaikunjua. "Mikono haiumi," akasema taratibu, na akaanza kulia, naye Verdiana hakuuokota mwiko. Padri Gervas akauliza kwa wasiwasi, "Na kiuno, mwanangu?" Dionizi akajibu: "Kiuno kinauma vile vile, Padri. Lakini maumivu yapo kiunoni tu."

Jioni ile aliomba uji. Hakusimama, wala hatusemi kuwa alisimama. Miguu yake haikurudi hadi leo. Lakini ndani ya mwaka mmoja alikuwa amekaa kivulini mwa nyumba yake akichonga mizinga kwa mikono ile isiyouma, na Verdiana akiiuza hadi Ugalla, kwa watu waliokuwa wakimdhania marehemu. Siku za baridi kiuno kilipomkaba, aliita watu waje wamuulize, maswali yote mawili, na kwa mpangilio. Na Verdiana, yule aliyesimama mlangoni na mwiko! Yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kumfuata Venerande katika utume wake, na ndiye aliyeusambaza kuliko mtu yeyote.

Kisa cha wodini kilivuma mjini kote, na hapo jina la Mama Hehe likazaliwa. Wengi waliamini kabisa ni Mhehe wa Iringa. Mnunuzi mmoja wa mpunga, Mhehe kweli kweli, alisikia habari zake akiwa Usevya, akapanda pikipiki hadi Katumba, akabisha hodi na kusema kwa furaha, "Kamwene, dada!" Venerande akamjibu, "Amahoro." Yule bwana alidhani ni Kihehe cha kijiji cha mbali. Walipoelewana, alikaa kwenye kigoda akacheka, kisha katikati ya kicheko akamweleza kuwa amefiwa na mke na hajamwambia mtu yeyote huku ugenini. Alikaa mpaka jioni. Kila msimu wa mpunga aliporudi alimletea zawadi kama kaka anavyomletea dada yake.

Miaka ile Mama Venerande aliwafundisha akina mama wengi, na kanuni yake ilikuwa moja: swali la kwanza lisiende bila la pili, na la pili lisitangulie la kwanza. Kwa hili la mwisho alikuwa mkali. Kijana mmoja wa kike, Emelyne, alipojifungua mtoto asiye hai, mwanajumuiya mmoja alimfariji kwa kumwambia amshukuru Mungu kwa kuwa anaye mwingine nyumbani. Venerande alimwambia yule mwanajumuiya mbele za watu, "Hujamuuliza la kwanza, shemeji. Hilo la pili utaliuliza ukiwa umelikalia la kwanza mpaka limekuuma na wewe." Akakaa na Emelyne siku nyingi bila kuuliza la pili kabisa. Emelyne mwenyewe ndiye aliyelijibu, alipomwita mwanawe mkubwa aje ale. Venerande alipenda kuwakumbusha watu kuwa hata Bwana wetu, alipofika kijijini kwa rafiki yake aliyefariki, hakuanza na kufufua. Aliuliza kwanza wamemweka wapi, akaenda, akalia.

Mwaka 2022 alipatikana na saratani, na ilikuwa imeshaingia kwenye mifupa. Alimeza dawa zote alizoandikiwa, wala hakuona aibu kuomba zaidi zilipopungua nguvu. Ilipofika Julai 2023 dawa zilikuwa hazitoshi. Watu walijaa nyumbani kwa Kassiani, na, ndugu zangu, oneni jinsi tulivyo! Wale wale aliowafundisha walisimama mlangoni, wakasema "pole, Mama," wakarudi nyuma. Hakuna aliyethubutu kuuliza. Waliogopa swali la kwanza kwa sababu jibu lilionekana usoni mwake, na la pili waliliogopa zaidi. Itakuwaje akijibu kuwa hapapo? Itakuwaje yule aliyewatafutia watu wote mahali pasipouma akikosa pake, mbele ya kigango kizima? Naye Venerande alilala macho wazi, akiangalia dari, peke yake katikati ya watu.

Asubuhi ya Jumapili, baada ya Misa, bajaji ilisimama nje na Verdiana akashuka, kisha vijana wakambeba Dionizi ndani na kumkalisha kando ya kitanda. Dionizi akauchukua mkono wa kushoto wa Venerande katika mikono yake. Hakusema pole. Alisema Kirundi alichojifunza kwake, kwa lafudhi ya Kikonongo: "Mama, ubabara hehe?"

Uso wake ulifunguka! Alianza kueleza, neno moja moja, kiuno, nyonga, mgongo, mbavu, linaanzia wapi, linaishia wapi, na Dionizi alifuata kila neno bila kuharakisha. Kichwa pia. Miguu pia. Ilichukua muda mrefu. Verdiana akamfinya mume wake begani, akimaanisha basi, inatosha, usiulize. Dionizi alimtazama mke wake, kisha akamgeukia mgonjwa, akauliza.

"Na wapi hapaumi?"

Mama Venerande alifumba macho. Waliokuwepo wanasema alikuwa akijikagua kweli, kama alivyowakagua wengine, toka utosini hadi unyayoni, na roho zao zilikuwa juu. Kisha akafumbua macho na kuutazama mkono wake.

"Hapo uliposhika," akasema.

Verdiana akaenda upande wa pili akaushika mkono wa kulia. "Na hapo," akasema Venerande. Kassiani akaweka kiganja kwenye wayo wake. "Na hapo." Watoto wake wakasogea, kisha jirani, kisha Emelyne, kisha yule mwanajumuiya aliyewahi kukemewa, kila mmoja akagusa palipobaki, kwa ncha za vidole, na kila mara alisema, mpaka sauti ilipokwisha akaendelea kwa midomo tu: na hapo, na hapo. Alifariki saa tisa alasiri siku hiyo hiyo, akiwa ameshikwa na watu wengi kuliko walivyoweza kuenea chumbani.

Alizikwa Katumba kwa Misa iliyojaza uwanja wa kigango, na yule mnunuzi wa mpunga alifika kutoka Iringa akakaa kwenye safu ya ndugu, hakuna aliyemwondoa. Jeneza lilipotolewa kanisani, kundi la nyuki lilishuka likatua juu ya msalaba wa mbao uliotangulia mbele. Watu walitaka kukimbia. Dionizi, akiwa kwenye kiti chake, alinyoosha mikono na kuwaambia watulie, na nyuki wale walikwenda nao hadi kaburini bila kumuuma mtu hata mmoja. Baadaye aliwaingiza kwenye mzinga aliouchonga mwenyewe, na asali yake wanapelekewa wagonjwa. Ni muujiza? Wenye mamlaka ya kusema watasema. Sisi tunasema kuwa tuliona, na tulifurahi mpaka tukasahau kuwa tupo msibani.

Leo, ukipita Katumba na kusema umechoka au unaumwa, utapewa pole, na ukijibu haraka kuwa umeshapoa, mtu atakushika mkono na kukuuliza, "Hehe?" Verdiana anaongoza akina mama wa kutembelea wagonjwa, Dionizi anachonga, na kiuno kinamuuma. Wanaobishana kama maumivu yakitazamwa yanapungua au yanaongezeka tunawaalika waje wawaulize wale wawili, ambao wameyaona yote mawili ndani ya chumba kimoja. Nawe uliyesoma hadi hapa, bila shaka yupo mtu uliyempa pole wiki hii ukapita. Rudi kwake. Muulize wapi, ukae mpaka amalize, ndipo umuulize na wapi. Naye akikosa la kujibu, usiogope kama tulivyoogopa sisi; mshike mkono, kisha umuulize tena.